Ukiona Chemba Inaelea, Ujue Imeundwa

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, nasomaga tu nakunja gazeti naendelea na mambo yangu, ila hii makala yenu ya kurasa za katikati kuhusu vifaa vya zamani vya bastola imenifanya nishike kalamu, au niseme nishike simu maana ndio naandikia hapa, kwahiyo mkikuta herufi zimeruka mnisamehe.

Kwanza hongereni kwa kuligusa hili jambo maana hakuna anaeliandikaga kwa Kiswahili. Kwa wale ambao hawakusoma, makala ilihusu seti za kubadilishia kaliba (unene wa risasi), yaani una bastola yako kubwa, unavua sehemu ya juu yote, slaidi (kile chuma cha juu kinachokimbia mbele na nyuma) na mtutu wake, unatoa na magazini, alafu unavalisha slaidi na mtutu mwingine wa kaliba .22 na magazini yake, fremu, yaani kiwiliwili cha chini chenye mpini, na triga vinabaki vilevile. Bastola ni ileile mkononi, mpini uleule, ila sasa inakula vile virisasi vidogo vya rimfaya. Vizuri. Lakini mwandishi wenu kateleza sehemu mbili, moja aliposema kwamba ile chemba inayoelea (chemba ni kile chumba risasi inapokaa ikisubiri kupigwa) ya kiwanda cha Colt cha Marekani "inaongeza nguvu ya risasi mara nne", na nyingine pale mwishoni alipoziita hizi seti "midoli ya wazee". La kwanza ni kosa la ufundi, la pili ni la hatari zaidi, na mi naona yote mawili yametokana na kutowahi kuifungua moja akaitazama ndani.

Sasa nieleze taratibu. Risasi ya rimfaya haina fataki katikati ya kitako kama risasi kubwa, fataki yake imepakwa ndani ya ule ukingo unaozunguka kitako cha ganda, pini ikigonga ukingo baruti inawaka. Ni teknolojia ya zamani sana, Smith & Wesson walitoka na bastola yao ya kwanza ya .22 fupi mwaka 1857, na hii .22 ndefu tunayopiga leo ilikuja 1887. Ni risasi rahisi, haina makelele mengi, haichoshi mkono. Shida yake ni moja tu, ni nyepesi. Kichwa chake kina gramu 2.6 hivi, wakati kile cha .45 ya jeshi kina karibu gramu 15, na ukipiga hesabu ya uzito mara mwendo unakuta .45 inasukuma karibu mara tano zaidi. Sasa chukua ile bastola ya .45 ya jeshi la Marekani inayoitwa 1911, aliyoibuni John Browning, slaidi lile la chuma limeundwa lirudishwe nyuma na msukumo wa .45, alafu uniambie kavirisasi ka .22 kataliondoaje hapo lilipo? Hakatoliondoa. Kataligusa tu.

Colt walianza kuhangaika na hili swali mapema. Mwaka 1931 walitoa bastola waliyoiita Ace, umbo la 1911 kabisa lakini ya .22, na dawa yao ilikuwa ni kulipunguza slaidi uzito, wakachimba chuma kikapungua ili risasi ndogo iweze kulisukuma. Ilifanya kazi, ila ilikuwa na madeko, risasi ikiwa dhaifu kidogo tu au grisi imeganda basi inakwama. Tena haikupiga teke kabisa, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma mkononi, mtu anajifunza na Ace wiki nzima anajiona bingwa, akishika .45 yenyewe anashtuka kama aliekanyaga moto.

Hapo ndipo anaingia David Marshall Williams, na huyu jamaa peke yake angestahili kurasa zenu za katikati. Alikuwa mtu wa North Carolina, mpika gongo, mwaka 1921 askari walivamia mtambo wake, kukawa na risasi na msaidizi mmoja wa sherifu akafa, Williams akafungwa kwa mauaji. Humo gerezani kwenye karakana akawa anaunda bunduki, ndio kabisa, mfungwa anaunda bunduki ndani ya jela na mkuu wa gereza anajua. Alitoka 1929. Baadae jeshi la Marekani likamtaka atafute namna ya bunduki ya rashasha ya Browning ipige risasi za .22 kwa ajili ya mazoezi, na jibu lake likawa ile chemba inayoelea. Colt wakaichukua wakaitia kwenye bastola, mwaka 1937 ikatoka Service Model Ace, na 1938 wakaanza kuuza seti peke yake kwa mtu ambae tayari ana .45 yake nyumbani. Hii seti ndio mwandishi wenu aliipiga picha.

Inavofanya kazi ni hivi, na naomba usome polepole mana hapa ndipo kosa lilipo. Kwenye bastola ya kawaida chemba ni sehemu ya mtutu, ni chuma kimoja. Williams aliikata, chemba ikawa kipande cha peke yake kinachokaa nyuma ya mtutu na kinaweza kusogea kidogo sana. Risasi ikilipuka, kichwa kikishatoka kwenye chemba kuingia mtutuni, gesi inapata upenyo kati ya hivi vipande viwili inasukuma uso wa mbele wa chemba. Huo uso ni mpana kuliko kitako cha ganda, kwahiyo gesi ileile moja inapata mahali pakubwa pa kusukumia, chemba inaruka nyuma inaligonga slaidi, slaidi zito linaondoka. Basi. Kichwa cha risasi chenyewe hakijaongezewa kitu. Kilichoongezeka ni teke linalokuja mkononi, na hiyo "mara nne" ambayo wenye kiwanda walikuwa wanajisifu nayo ilikuwa ni ya teke, sio ya risasi. Mwandishi amechukua nguvu iliyoenda nyuma akaipeleka mbele.

Wahenga walisema ukiona vyaelea ujue vimeundwa, wao walikuwa wanasema mambo ya vyombo vya baharini lakini mi kila nikiishika ile chemba ndogo kama kizibo cha chupa nawakumbuka.

Na kwa nini mtu atake teke kubwa zaidi wakati kila mtu analikimbia? Kwa sababu ilikuwa ni ya mafunzo bwana. Walitaka mwanafunzi apige risasi za bei nafuu lakini mkono wake uendelee kujua kwamba hii ni bastola kubwa, triga ileile, saiti (vile vya kulengea) zikiruka azirudishe kwenye shabaha. Jeshi la Marekani lilizinunua Service Ace kwa ajili hiyo, na wakati wa Vita vya Pili zilifanya kazi hasa. Mi mwenyewe kilichonirekebisha ile tabia ya kufumba macho kabla ya kuvuta triga sio mwalimu, ni hiyo seti. Unapiga risasi hamsini za .22, unabadilisha slaidi, unapiga saba za .45, unarudi kwenye .22, mwishowe mkono unaacha kutofautisha. Siku hizi kuna watu wanakwambia fanya mazoezi bila risasi inatosha, sikatai, ila mazoezi bila risasi hayakufundishi kurudisha saiti mahali pake mana hazijaondoka.

Wajerumani nao walikuwa na yao kabla hata ya hiyo ya Colt, na makala yenu haikuwataja kabisa jambo ambalo limeniuma kidogo. Kiwanda cha Erma cha mji wa Erfurt kilitengeneza seti ya Luger, kile kijibastola chenye goti linalokunjika juu. Unaingiza mtutu mwembamba wa .22 ndani ya mtutu wa Luger wenyewe, unabadilisha lile goti na bolti yake, unaweka magazini yake, na vyote hivyo vinakuja kwenye sanduku la mbao kila kipande na shimo lake kama vyombo vya daktari. Hawakuhitaji chemba ya kuelea, wao walitengeneza goti na springi nyepesi za kufaa hiyo risasi. Nimewahi kushika moja tu maishani na sikuthubutu kuomba niipige, macho ya mwenyewe yalikuwa yanatosha.

Sasa niseme yangu. Seti yangu niliipata mitumba, kwenye boksi lake la kadibodi kuukuu, na alieniuzia akaniapia kwamba imekamilika kila kitu kipo. Sitamtaja. Siku ya kwanza uwanja wa shabaha risasi ya kwanza ikatoka safi, nikatabasamu, ya pili ganda likabaki limesimama mdomoni pa slaidi kama bomba la jiko, nikalitoa, ya tatu ivoivo, ya nne ganda halikutoka kabisa likarudi ndani na risasi mpya ikaja kulisukuma kwa nyuma. Nikabadilisha risasi aina tatu. Nikabadilisha springi. Nikalaumu magazini, nikalaumu baridi, nikamlaumu Williams na gongo lake. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja ananitazama tu kwa muda, mwisho akaja.

"Kijana, ijekta iko wapi?"

"Si hii hapa kwenye fremu mzee?"

Akacheka mpaka akakaa. Kumbe seti ya Colt ina ijekta yake ndogo peke yake, ni kijibati chembamba tu, ile ya kwenye fremu ni ya maganda ya .45. Bila hiyo ganda linavutwa nyuma vizuri lakini hakuna kitu cha kulitupa nje. Mzee akanihesabia vipande vinane kwa vidole: slaidi, mtutu, bushi, chemba, ijekta, springi, stopa ya slaidi, magazini. "Ukinunua hesabu," akasema, "usisikilize, hesabu." Mi nilikuwa nimesikiliza.

Kitu kingine ambacho makala ilikipita mbio ni usafi, wakati kwa hizi za chemba inayoelea usafi ndio kila kitu. Lugha yetu imetuchezea hapa, sisi risasi ni ile unayopiga na risasi ni ile madini yenyewe, sasa kichwa cha .22 ni cha madini ya risasi laini kimepakwa nta au grisi, kila kikivuka ule upenyo kati ya chemba na mtutu kinaacha unga kidogo, na masizi ya baruti yanakuja juu yake, inakuwa kama lami. Ukipiga mia mbili bila kusafisha chemba inaanza kuwa nzito, ukiendelea inagoma kuelea inashikamana na mtutu, bastola inakuwa ni ya kupiga moja moja kwa mkono. Nimeona mtu anaigonga chemba iliyoganda kwa bisibisi ya chuma! Nilitaka kulia. Ilaze kwenye oili ya kupenya usiku mzima, asubuhi isukume na kijiti cha mbao au shaba, taratibu, itatoka. Ikikataa irudishe kwenye oili ilale tena. Mi nasafisha kila baada ya risasi mia na sina aibu nayo.

Na jamani msasa. Msasa na hizi seti ni maadui. Mtu anaona chemba inakwama anachukua msasa anaipunguza "kidogo tu", anasahau kwamba upenyo ukiwa mkubwa gesi inavuja pembeni na teke linapotea, yaani ameondoa kile kitu chenyewe kilichofanya ielee. Au anakuta rangi ya bluu ya kiwanda imefifia anaing'arisha mpaka inawaka kama sufuria mpya, wakusanyaji wakiiona wanageuza uso. Kutu nyepesi inatoka kwa oili na kitambaa na uvumilivu. Alama ya mkono wa mtu wa 1938 haitoki kiwandani tena.

Alafu kuna hii ya kuvuta triga bila risasi ndani. Kwenye .45 wengi wanafanya na haidhuru sana, lakini kwenye rimfaya pini inalenga ukingo, na kama hakuna ganda inakwenda kugonga ukingo wa chemba yenyewe. Mara moja mbili huoni kitu, mara mia unakuta pameingia kidonda, maganda yanaanza kushikwa hayatoki. Chemba ya kawaida inasikitisha, chemba ya Williams ya kabla ya vita utaitoa wapi nyingine? Weka ganda tupu la plastiki la kufanyia mazoezi, au usivute.

Nirudi kwenye hayo ya "midoli" mana nimeahidi. Risasi ya .22 kutoka mtutu wa bastola inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja kama hakuna kitu cha kuizuia, na ikifika inamuumiza mtu. Kwa vile haina kishindo watu wanaidharau, wanaachia watoto, wanasahau kinga ya macho wakati maganda ya rimfaya ni membamba na siku moja moja yanapasuka yanarusha gesi pembeni. Rimfaya pia zina tabia ya kugoma kuwaka kuliko risasi kubwa, ule ukingo ukiwa haukupakwa fataki vizuri sehemu pini ilipogonga basi kimya, na ukisikia kimya usifungue haraka, shikilia bastola imelenga shabaha uhesabu sekunde thelathini ndio utoe, mana kuna zinazochelewa. Ukisikia mlio hafifu kama kikohozi ndio kabisa simama, toa kila kitu, chungulia mtutu kama kichwa hakijakwama ndani, ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unavimba. Na ukimaliza nawa mikono kabla hujagusa chochote cha kula kwa sababu ya yale madini. Mdoli gani unanawiwa mikono?

Kwa seti yoyote kuukuu ambayo sijaijua mi naanza na risasi mbili tu kwenye magazini, sio kumi. Kama kuna kitu kimelika kwenye fremu na bastola ikataka kupiga mbili kwa mvuto mmoja bora ziwe mbili kuliko zote kumi zikimbie.

Kuna msomaji atasema kwa nini uteseke na chuma cha babu wakati kuna seti mpya. Zipo, na ni nzuri sitadanganya. Nyingi za sasa slaidi lake ni la aluminiamu, jepesi, risasi inalisukuma yenyewe bila ujanja wowote. CZ, kiwanda cha Ucheki, walitoa ile Kadet ya bastola yao CZ 75 ambayo sehemu ya mbele haitembei kabisa, ni kipande cha nyuma tu kinachokimbia, saiti zimetulia na mtutu umetulia, shabaha yake ni ya kutisha. Kwa mashindano chukua hiyo. Ila hazipigi teke. Unarudi kulekule kwa Ace ya 1931, raha tupu, alafu .45 inakukumbusha. Kwahiyo mi nasema seti ya zamani ipigwe, kidogokidogo, kwa adabu, kila mwezi mara moja mbili, hata kama jirani yako mkusanyaji anakwambia ikiwa kwenye boksi bila kupigwa thamani inapanda. Inapanda ndio, na springi inakaa imelala miaka themanini na grisi inakuwa gundi. Zile ambazo kweli hazijawahi kupigwa hata risasi moja ziacheni zilale, ni chache, lakini yenye mikwaruzo na dalili za kazi hiyo imeshazoea kazi.

Kuhusu sheria nisiwe mrefu, kila mtu aulize za kwake kabla hajanunua kwa sababu seti haisomwi sawa kila mahali. Marekani kwa sheria ya shirikisho kinachohesabika kuwa ndio bastola ni fremu, kwahiyo seti bila fremu ni vipuri tu. Kwa England, Wales na Scotland mwaka 1997 bunge lilipitisha sheria mbili, ya kwanza ikapiga marufuku bastola za kaliba kubwa ikaacha za .22, na mwaka haujaisha ya pili ikazifagia hata hizo .22. Waliodhani kaliba ndogo itawaokoa walipumua miezi michache tu.

Namalizia na ombi. Tafadhali chapeni sahihisho la ile "mara nne", hata mistari miwili pembeni inatosha. Na ile picha mliyoweka ya seti imetandazwa kwenye kitambaa chekundu, mi nimeikuza kwenye simu nikahesabu mara tatu, vipande ni saba. Ijekta haipo. Mwambieni mwenye seti asihangaike kutafuta ya kununua kwanza, afungue boksi lenyewe, anyanyue ile kadibodi ya chini iliyokunjwa aangalie kwenye mkunjo. Yangu nilikuja kuikuta hapo, miezi saba baada ya yule mzee kunicheka.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenda Chuma cha Kale